Malori yamegeuza mtaa wenu njia: mwongozo kamili wa kudai njia ya haki

Barua nyingi za wakazi kuhusu malori hufa kifo kimoja. Zimeandikwa kwa uchungu, zimejaa sahihi, zimepelekwa ofisi isiyohusika, na ombi lake ni neno moja: ondoeni. Ofisi ikijibu, husema barabara hiyo si yake. Vijana huchoma tairi siku moja, polisi huja, na Jumatatu matrela yanapita kama kawaida.

Mwongozo huu ni wa waliokwama hapo na bado hawajakata tamaa. Mifano ni ya Mombasa. Mzigo wa Kenya, pamoja na wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo, hutokea kwenye mageti machache ya bandari, na kabla haujashika barabara ya Nairobi, Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini wameshaonja moshi wake. Sheria nilizotaja ni za Kenya. Msomaji wa Kurasini au Temeke, kule Dar es Salaam, atabadilisha majina ya ofisi (TANROADS, TARURA, NEMC) na vifungu, lakini kazi yenyewe inaenda kwa mpangilio huu huu.

Tuelewane mapema: malori yatapita mahali fulani. Mnachodai ni kwamba moshi usigawiwe kwa kuangalia nani hana sauti.

## Mahitaji

- Watu wanane hadi kumi na wawili wanaofika kwa wakati. Wanaopiga kelele mkutanini si lazima wawe hao.
- Fomu za karatasi, kalamu za wino na ubao mgumu wa kuandikia. Simu huisha chaji, karatasi haiishi.
- Ramani ya mtaa iliyochapishwa kubwa, ya kuchorwa juu yake.
- Simu inayoandika tarehe na saa kwenye picha.
- Faili moja, na nakala tatu za kila karatasi.
- Mtu anayeijua biashara ya mizigo kwa ndani: dereva, turnboi, au karani wa yadi ya makontena. Mwanzoni huyu ana faida kuliko wakili.
- Vipimo viwili vya vumbi laini vinavyofanana, mkivipata. Mkikosa, endeleeni.
- Subira ya miezi sita hadi mwaka.

## Hatua ya 1: Jueni barabara ni ya nani, na moshi ni wa nani

Hapa ndipo barua nyingi hupotelea. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), baadhi ya barabara za mijini ziko chini ya KURA (mamlaka ya barabara za mijini), na nyingi za zilizobaki ni za kaunti. Mkiandikia kaunti kuhusu barabara ya KeNHA, mtajibiwa kwa mstari mmoja.

Lakini fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele umekabidhiwa kaunti. Trafiki na maegesho vilevile. Kwa hiyo hata lami ikiwa ya KeNHA, trela lililoegeshwa kando ya shule likinguruma usiku kucha ni jambo la kaunti. Mkiyatenganisha hayo mawili, hakuna ofisi itakayowarusha kwa nyingine kama mpira.

Chukueni karatasi, chora safu tatu: kero, ofisi, kifungu. Kupita kwa malori, KeNHA au KURA. Maegesho, kelele na moshi, kaunti. Leseni ya mazingira ya yadi au ghala, NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira). Kusimamia marufuku barabarani, polisi wa trafiki.

Kama hamjui barabara ni ya nani, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ombeni pamoja na hayo uamuzi wowote ulioruhusu au kukataza magari makubwa kwenye barabara hiyo, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wowote wa karibu.

Onyo: Msikubali jibu la mdomo. Afisa anaweza kuhamishwa kesho, na maneno yake yakahama naye.

Mmefaulu kama karatasi ya safu tatu imejaa, na nakala yenu ya ombi ina muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

## Hatua ya 2: Hesabuni malori

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. "Malori ni mengi sana" haiingii kwenye ripoti ya mhandisi. Idadi kwa saa inaingia.

Chagueni sehemu moja ambapo gari haliwezi kuhesabiwa mara mbili. Mbali na mzunguko wa barabara na mbali na geti la yadi. Wakae wawili wawili, kila mmoja upande wake wa barabara, zamu zisizidi saa tatu. Macho yakichoka, hesabu inadanganya.

Gaweni magari kwa ekseli (mihimili ya magurudumu), kwa sababu marufuku nyingi huandikwa kwa ekseli au kwa uzito:

1. Lori la ekseli mbili
2. Lori la ekseli tatu au nne
3. Trela la ekseli tano na zaidi
4. Tangi la mafuta, lolote lile

Kila robo saa ina mstari wake. Mstari mmoja uliojazwa vizuri unasomeka hivi: *saa 1:15 hadi 1:30 asubuhi, kuelekea Miritini, ekseli mbili: 6, tatu au nne: 4, trela: 19, tangi: 3, limeegeshwa: 5, watoto wa shule wanavuka.* Maneno ya mwisho ndiyo mwakilishi wadi atayakumbuka.

Hesabuni saa 24 katika siku ya kazi ya kawaida, kisha siku nyingine ya kazi, kisha Jumapili. Mkikosa watu wa usiku, basi angalau alfajiri hadi saa nne usiku, na muandike wazi kwamba usiku haukuhesabiwa.

Sasa mwiteni yule mtu wa mizigo. Malori hayaji sawasawa wiki nzima. Huja kwa mawimbi kufuata meli. Mkihesabu wakati gatini kuna meli nyingi, ofisi itasema mmechagua siku mbaya makusudi. Mkihesabu wakati bandari imetulia, mmejiumiza wenyewe. Angalieni ratiba ya meli, na juu ya fomu andikeni hali ya bandari, mvua, ajali na mgomo.

Na aulizwe swali hili: malori haya yanaenda wapi? Lori hufuata yadi, mzani, petroli, fundi na chakula. Kipande cha barabara ya Dongo Kundu kinachotoka upande wa Kipevu hadi Miritini kilijengwa ili mzigo uchepuke. Lori lenye yadi au fundi ndani ya mtaa litaingia mtaani hata barabara ya kuchepuka ikiwa tupu. Kama robo tatu ya matrela yanaishia kwenye geti moja la makontena, shida yenu haiitwi barabara; ni geti, na dawa yake ni nyingine.

Onyo: Msiandike nambari za usajili wala kupiga picha nyuso za madereva. Hamhitaji, na mtaonekana askari kanzu. Mhesabuji mmoja akikaribia kugombana na turnboi, badilisheni sehemu.

Mmefaulu kama mtu asiyewajua anaweza kuchukua fomu zenu, akajumlisha mwenyewe, na kupata jibu lenu.

## Hatua ya 3: Pimeni hewa na kelele, kwa tahadhari

Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Hilo halihitaji kupimwa upya Changamwe. Kinachohitaji kupimwa ni tofauti kati ya kando ya barabara na uani kwenu.

Wekeni vipimo viwili pamoja kwa siku kadhaa muone kama vinasoma sawa. Kisha kimoja kiwekwe kando ya barabara, kingine nyuma ya nyumba, mbali nayo. Urefu uwe wa kimo cha mtu. Chunguzeni majiko: jiko la makaa la muuza viazi karai likiwa hatua tano kutoka kipimo, mtakuwa mmepima viazi.

Pwani ina mtego wake. Vipimo vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga, na hewa yenye unyevu hufurisha chembe zikaonekana kubwa au nyingi kuliko zilivyo. Alfajiri ya Mombasa inaweza kuonekana chafu hata barabara ikiwa kimya. Ndiyo maana viwe viwili: unyevu unavipotosha vyote kwa kiasi kinachokaribiana, ila tofauti kati yao inabaki kuwa kazi ya barabara.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka vumbi laini la PM2.5 lisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Msitangaze kwamba mmezidi kiwango cha mwaka kwa vipimo vya wiki moja. Wataalamu wa upande wa pili wanasubiri kosa kama hilo.

Kelele: Kanuni za 2009 zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nje ya nyumba za makazi. Programu ya simu haikubaliki kama ushahidi wa mwisho, lakini inatosha kuiomba kaunti ije na kipimo chake.

Kitambaa cheupe kilichotundikwa dirishani wiki nzima si kipimo cha chochote. Kipelekeni vilevile. Si kila mjumbe husoma mikrogramu.

Onyo: Msiandike kwamba malori yamemuua fulani au yamempa fulani pumu. Idadi ya wagonjwa wa kifua zahanati inaweza kuombwa kwa ujumla, bila majina, na iandikwe kama ilivyo.

## Hatua ya 4: Chora nani anabeba nini

Hapa ndipo malalamiko yanapogeuka kuwa hoja ya haki.

Kwenye ramani chora njia yote ya sasa, kutoka geti la bandari hadi barabara kuu, kisha njia nyingine zote ambazo malori yangeweza kufuata. Pande zote mbili za kila njia, pakeni rangi mita 150. Uchafu wa magari hushuka haraka ndani ya umbali huo, ingawa athari huweza kufika mita mia kadhaa. Ndani ya rangi hesabuni nyumba, shule, madrasa, zahanati, masoko na vivuko vya watoto.

Kisha ongezeni ambacho watu wale wamekwisha kubeba: ghala za mafuta, viwanda, jaa la taka. Changamwe ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta na mpaka leo ina maghala yake. Mtaa wa Owino Uhuru ulipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Kumwongezea moshi aliyekwisha kubeba sumu si sawa na kumpa aliye mikono mitupu, hata idadi ya malori ikiwa ile ile.

Mwisho, na hili ndilo swali kali kuliko yote: malori yamekatazwa wapi tayari? Oakland, California, ina barabara kuu mbili zinazokwenda karibu sambamba. Malori ya zaidi ya tani 4.5 yamekatazwa kwenye I-580, inayopita chini ya mitaa yenye nafuu, tangu miaka ya katikati ya karne iliyopita. Kwa hiyo yanapita I-880, karibu na bandari na mitaa ya watu Weusi na Walatino wenye kipato cha chini. Hakuna aliyehitaji kuandika "wapelekeeni maskini moshi". Ilitosha kuandika bango la kukataza upande mmoja. Wakazi wa West Oakland nao walihesabu malori wenyewe.

Zungukeni Mombasa yenu mkiandika kila bango la kukataza magari makubwa, na mtaa lilipo.

Mmefaulu kama mgeni akiitazama ramani kwa dakika moja anauliza, "Kwa nini wote wamewekwa upande huu?"

## Hatua ya 5: Nendeni kwa majirani kabla ya ofisi

Hatua hii hairukwi. Kila njia mbadala ina watu. Mkiomba malori yatoke Mikindani yaelekezwe karibu na Bangladesh, mtaa wa huko huko Mombasa, bila kuzungumza na watu wa Bangladesh, hamjadai haki, mmehamisha dhuluma. Na mtashindwa, maana siku ya kikao watajaa upande wa pili wa ukumbi.

Pelekeni ramani kwa wazee wao wa mtaa. Waulizeni ni saa zipi na masharti gani wangeyakubali, na lipi hawalikubali kabisa. Andikeni yote.

Waiteni pia wanaokula kwa malori: wauza chakula, mafundi wa matairi, walinzi wa maegesho, madereva wenyewe. Dereva hapendi kukaa foleni mtaani. Mara nyingi anakaa kwa sababu hana pengine pa kuegesha wala choo. Mama wa mahamri kando ya barabara anavuta moshi kuliko nyote na bado ndiye atakayepoteza riziki mkishinda. Ombi lenu limtengee nafasi kwenye maegesho mapya.

Onyo: Mwanasiasa akijitolea kuwa "msemaji" katika hatua hii, mshukuruni na mwambieni zamu yake ni Hatua ya 7.

## Hatua ya 6: Andikeni ombi linaloweza kutekelezwa

Linganisheni.

Ombi bovu: *Tunaomba serikali iondoe malori mtaani kwetu kwa sababu yanatusumbua.*

Ombi zuri: *Tunaomba magari ya ekseli tatu na zaidi yakatazwe kupita Barabara fulani, kati ya makutano fulani na fulani, saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu asubuhi na saa nane hadi saa kumi na moja jioni, siku za shule, isipokuwa yanayoshusha mzigo ndani ya eneo hilo; na yasiegeshwe kando ya barabara hiyo saa yoyote.*

La pili linaonyesha mahali, gari, saa na tofauti. Polisi anaweza kulisimamia. Mhandisi anaweza kulipigia hesabu.

Fikirini mara mbili kabla ya kuomba malori yapite usiku tu. Ofisi hupenda jibu hilo kwa sababu linapunguza foleni. Lakini usiku upepo hutulia, moshi hubaki chini, na mtoto hulala dirisha likiwa wazi. Kama barabara imebanana na nyumba, usiku si nafuu.

Wekeni madai matatu kwa ngazi: njia ibadilishwe, kama haiwezekani, saa na maegesho, na kwa vyovyote vile, kivuko salama cha shule na kipimo cha hewa kinachosimamiwa na kaunti. Ambatisheni jumla za hesabu, ramani, na kumbukumbu za kikao na majirani. Kurasa tatu zinatosha, na viambatisho nyuma.

## Hatua ya 7: Pelekeni, na muwe wasumbufu kwa adabu

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti (kifungu cha 15), na raia haki ya kuiomba serikali ya kaunti yenyewe (kifungu cha 88). Pelekeni kote kuwili, na nakala kwa KeNHA au KURA. Kabla ya kukusanya sahihi, muulizeni Karani wa Bunge muundo anaotaka. Ombi lenye hoja nzuri huweza kurudishwa kwa kukosa nambari za vitambulisho.

Siku ya kamati, wasemaji wawili wanatosha, mmoja wenu na mmoja wa mtaa wa njia mbadala. Sura hizo mbili kwenye meza moja ndizo ambazo kamati haikuzitarajia.

Kikao cha maoni ya umma kikitangazwa, ombeni nyaraka mapema, na maoni yenu myapeleke kwa maandishi hata kama mtazungumza. Karatasi ya mahudhurio mliyotia sahihi huweza kutumiwa baadaye kuonyesha kwamba mlikubali. Andikeni msimamo wenu pembeni ya sahihi.

## Hatua ya 8: Wakikataa au wakinyamaza

Kila mlango una saa yake.

- Mkinyimwa habari: Tume ya Haki za Utawala, ndani ya siku 30 tangu uamuzi.
- NEMA ikitoa leseni ya yadi au barabara mnayoipinga: Mahakama Maalumu ya Mazingira (National Environment Tribunal), ndani ya siku 60. Siku hizo zimewaponyoka wengi waliokuwa bado wanaandika barua za kulalamika.
- Uchafuzi kwa jumla: Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira.
- Haki ya mazingira safi, Ibara ya 42: Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ibara ya 70 inasema mlalamishi halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika.

Watu wa Owino Uhuru walipata hukumu ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024 baada ya mahakama ya rufaa kuivuruga. Hawakushinda kwa sababu walilia zaidi; damu na udongo vilikuwa vimepimwa. Tazameni pia miaka iliyopita katikati. Kesi iwe mlango wa mwisho.

## Hatua ya 9: Bango likisimikwa, hesabuni tena

Mwezi mmoja baada ya amri, rudini sehemu ile ile, fomu zile zile, siku ile ile ya juma. Marufuku zisizohesabiwa huliwa kidogo kidogo: kwanza tangi moja lenye haraka, halafu la pili.

Siku hiyo hiyo kikundi kingine kihesabu kwenye njia mbadala. Kama malori yamezidi kiwango mlichokubaliana na wazee wa huko, wapelekeeni wao fomu kwanza, kabla ya kaunti, na kikao cha mapitio mkiombe pamoja. Ombeni kwamba jumla za robo mwaka zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya wadi, za mitaa yote miwili, karatasi moja.